Fritz Haber, mtu aliyetoa mbolea hewani

Ukifungua mfuko wa urea kukuzia mahindi yako, karibu nusu ya uzito uliobeba ni naitrojeni, na naitrojeni hiyo ilitolewa hewani. Njia ya kuitoa huko aliipata Mjerumani mmoja, Fritz Haber. Vipindi vyetu vya kilimo hutaja mbolea mara kwa mara, lakini maisha ya bwana huyu si ya kusimulia kwa dakika mbili kabla ya taarifa ya habari. Ndiyo maana tumeyaandika hapa.

Haber alizaliwa Disemba 9, 1868, katika mji wa Breslau, ambao siku hizi uko Poland na unaitwa Wrocław. Wazazi wake walikuwa Wayahudi. Mama yake alifariki muda mfupi baada ya kujifungua, na baba yake alikuwa mfanyabiashara wa rangi za kutia nguo. Kijana akasomea kemia, akabatizwa akawa Mkristo, na mwaka 1894 akapata kazi katika chuo cha Karlsruhe.

Wakati huo Ulaya ilikuwa na hofu ya njaa. Hewa tunayovuta ni naitrojeni asilimia 78, lakini mmea hauwezi kuitumia hivyo ilivyo. Ni kama mtu kufa kiu katikati ya bahari. Bakteria wanaokaa kwenye vinundu vya mizizi ya maharage na kunde wanaweza kuigeuza ikawa chakula cha mmea, na ndiyo sababu wazee wetu walichanganya kunde na mahindi shambani. Wakulima wa Ulaya nao walitegemea samadi na mazao ya jamii ya kunde. Baadaye wakaanza kununua kinyesi cha ndege wa baharini kutoka visiwa vya Peru, kilicholetwa kwa meli. Kilipopungua, wakageukia chumvi ya nitrati iliyochimbwa katika jangwa la Atacama. Chumvi hiyo ilirutubisha mashamba, na pia ilitengeneza baruti na milipuko. Mwaka 1879 Chile ilipigana na Peru na Bolivia kwa ajili ya jangwa hilo, ikashinda, na Bolivia ikabaki bila pwani mpaka leo.

Haber alitaka kuacha kutegemea jangwa la watu. Mwaka 1909, akiwa na msaidizi wake Robert Le Rossignol kutoka Uingereza, alichukua naitrojeni na haidrojeni, akazibana kwa shinikizo karibu mara 200 ya lile la hewa ya kawaida, akazipasha joto la nyuzi 500 hivi, na kuzipitisha juu ya madini ya kuchochea. Ikadondoka amonia. Amonia unaijua: ni ile harufu inayochoma pua ukiingia banda la kuku lisilosafishwa. Kampuni ya BASF ikanunua ugunduzi huo, mhandisi wake Carl Bosch akaukuza, na mwaka 1913 kiwanda kikaanza kazi Oppau, kando ya mto Rhine.

Mwaka uliofuata vita vikaanza. Meli za kivita za Uingereza zikaifungia Ujerumani njia ya baharini, nitrati ya Chile isifike. Kwa hesabu za wengi, Ujerumani ingeishiwa risasi mapema. Lakini amonia ile ile iliyokusudiwa shambani ikageuzwa asidi ya kutengenezea milipuko, na vita vikaendelea hadi 1918.

Haber mwenyewe hakuishia hapo. Alijitolea kusimamia silaha ya gesi ya klorini. Aprili 22, 1915, karibu na Ypres huko Ubelgiji, mitungi ya gesi karibu 6,000 ilifunguliwa upepo ulipoelekea kwa adui. Waliokuwa mbele ya wingu lile ni askari wa Ufaransa, wakiwemo Waafrika kutoka Algeria. Haber akapandishwa cheo kuwa kapteni.

Mkewe, Clara Immerwahr, naye alikuwa mkemia, mwanamke wa kwanza kupata udaktari wa kemia katika chuo kikuu cha Breslau. Mei 2, 1915, alijipiga risasi kwa bastola ya mumewe. Sababu zinabishaniwa hadi leo. Mtoto wao Hermann alikuwa na miaka 12. Baada ya muda mfupi tu baba akaondoka kwenda mstari wa mbele wa mashariki. Sisi hapo tunashindwa kumwelewa.

Vita vilipokwisha akapewa Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 1918, na baadhi ya wanasayansi wakapinga wazi. Miaka ya 1920 alijaribu kuchuja dhahabu kwenye maji ya bahari ili Ujerumani ilipe madeni ya vita. Haikutosha hata kurudisha gharama.

Mwaka 1933 Wanazi walimwamuru kuwafukuza Wayahudi katika taasisi yake mjini Berlin. Akajiuzulu, akaenda Cambridge, na Januari 29, 1934, akafariki Basel, Uswisi. Taasisi hiyo ilikuwa imetengeneza sumu ya kuulia wadudu. Aina yake ya baadaye ndiyo Wanazi walioitumia kuua Wayahudi kambini, baadhi yao ndugu wa ukoo wa Haber.

Alizikwa huko Basel. Majivu ya Clara yakahamishwa kutoka Ujerumani, yakawekwa kando yake.