Selous: Aliyewaponyoka tembo, akauawa kwa risasi Beho Beho

Na Mwandishi Wetu

ABIRIA wanaopanda treni katika stesheni ya TAZARA, jirani na Buguruni, hukatiza nyika iliyobeba kwa miaka mingi jina la Frederick Courteney Selous.

Mwingereza huyo, mzaliwa wa London mwaka 1851, aliwasili Afrika Kusini mwaka 1871 akiwa kijana wa miaka 19. Aliwinda tembo kwa miguu, kinga yake ikiwa bunduki ya kushindilia baruti ambayo risasi yake moja ilikuwa na uzito wa robo ratili. Ilikuwa kinga ya mashaka: siku moja ilishindiliwa baruti maradufu kwa makosa, na alipofyatua ikambwaga chini, yenyewe ikarukia nyuma yake. Baadaye alijuta kuitumia, kwani mapigo yake begani yalimwathiri mishipa ya fahamu.

Tembo hawakumuua, wala simba. Katika Vita Kuu ya Kwanza alijiunga na jeshi la Uingereza, na Januari 4, 1917, akiwa na umri wa miaka 65, alipigwa risasi na askari wa upande wa Wajerumani huko Beho Beho. Alizikwa papo hapo, mahali ambapo tangu mwaka 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere.