Askofu Steere na Herufi za Risasi

Jina la Edward Steere hutajwa sana panapozungumzwa sarufi na hadithi za Kiswahili. Ni mara chache kukumbukwa kwamba alikuwa pia mchapaji.

Steere alizaliwa London, Uingereza, mwaka 1828. Alisomea sheria hadi shahada ya udaktari, akawa mwanasheria, kisha akaiacha kazi hiyo na kuwa padre. Mwaka 1863 alifuatana na Askofu Tozer kuja Afrika, na mwaka 1864 wakafika Unguja.

Waswahili walikuwa wakiandika kwa herufi za Kiarabu tangu kale, na Krapf wa Mombasa alikuwa amekwisha kutoa sarufi yake mwaka 1850, lakini ilichapwa Ulaya. Steere alitaka vitabu vichapwe papo hapo. Alisimamia mtambo wa kupigia chapa, na msomi huyu wa sheria hakuona haya kuchafua mikono kwa wino. Kazi hiyo walifundishwa vijana waliokombolewa utumwani.

Haikuwa kazi nyepesi. Kila herufi ilikuwa kipande cha risasi chenye sura ya kinyumenyume. Mpangaji aliokota herufi mojamoja kutoka kashani, akaunda neno, mstari, hatimaye ukurasa, akaufunga barabara katika fremu. Baada ya kuchapa, herufi zote zilirudishwa kashani.

Mwaka 1867 kitabu chake juu ya lugha ya Kisambaa kilichapwa Unguja. Mwaka 1870 sarufi yake ya Kiswahili na mkusanyo wa hadithi za Unguja vilitolewa London. Soko la watumwa lilipofungwa mwaka 1873, alianza kujenga kanisa mahali pale Mkunazini. Mwaka 1874 akawa askofu. Alifariki Unguja Agosti 1882, akiwa na umri wa miaka 54, akazikwa katika kanisa hilo. Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ilipokisanifisha Kiswahili, ilijenga juu ya Kiunguja, lahaja ambayo Steere aliishughulikia.

Herufi za risasi ziliyaweza maneno, lakini hesabu ziliwatoa wachapaji jasho. Sehemu moja tu, kama nusu, ilihitaji tarakimu ya juu, mstari, na tarakimu ya chini, kila kimoja kikibanwa na vipande vidogo visichezecheze. Taipureta nayo haikusaidia sana. Sisi wa rika langu tunakumbuka mitihani ya hisabati iliyodurufiwa, alama za kipeo cha pili zikiwa zimechorwa kwa mkono.

Ufumbuzi ulitoka kwa mwanahisabati wa Marekani, Donald Knuth. Mwaka 1977 alichukizwa na kurasa mbovu za kitabu chake mwenyewe, akaamua kutengeneza programu ya kompyuta ya kupanga maandishi ya hisabati, iitwayo TeX. Aliitoa bure, na wanasayansi wa dunia nzima wanaitumia hadi leo.

Nanyi vijana mlioko shuleni Mafinga, someni jambo hapo. Steere na Knuth walikuwa wasomi wakubwa, na wote wawili waliona kwamba elimu isiyochapwa vizuri haifiki mbali, wakajifunza chombo cha kuichapia. Kitabu cha fizikia au hisabati kwa Kiswahili fasaha kinahitaji mwandishi, na pia mtu anayejua kuzipanga kanuni zake ukurasani. Chombo kipo, tena hakiuzwi. Ajifunzaye leo ataweza kuwachapia wadogo zake kesho.