Mwenda wa Bayeke: Gwiji aliyeitikisa Afrika kwa gitaa kavu

Na Mwandishi Wetu

KWA wapenzi wa muziki waliokulia katika miaka ya 1950 na 1960, jina la Jean-Bosco Mwenda halihitaji kutambulishwa. Hayati Mwenda, ambaye baadaye alijulikana zaidi kama Mwenda wa Bayeke, alipata umaarufu bila bendi kubwa nyuma yake wala vyombo vya umeme. Alikuwa na gitaa moja kavu, sauti yake, na vidole viwili vya mkono wa kulia. Kwa silaha hizo chache aliwafunza wapigaji wengi, kuanzia Katanga hadi magharibi mwa Kenya, namna mpya ya kulicharaza gitaa.

Mwenda alizaliwa mwaka 1930 huko Bunkeya, Katanga, katika Kongo iliyokuwa ikitawaliwa na Ubelgiji. Bunkeya ina undugu wa damu na Tanzania. Ilikuwa makao makuu ya Mtemi Msiri, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na shaba ambaye asili yake ni Usumbwa, magharibi mwa Tanzania ya leo, na ambaye aliuawa mwaka 1891 katika harakati za wakoloni kuitwaa Katanga. Wafuasi wake ndio walioitwa Wayeke, na jina hilo ndilo mwanamuziki huyo aliloliendeleza.

Ujana wake aliupitia Jadotville, mji wa migodi ambao leo unaitwa Likasi. Huko walikutana wafanyakazi wa makabila mengi, na Kiswahili cha Katanga ndicho kilichowaunganisha. Mwenda aliitumia lugha hiyo katika nyimbo zake, jambo lililomfungulia milango ya Afrika Mashariki.

Mwaka 1952 mtafiti wa muziki wa Afrika, Hugh Tracey, alifika Jadotville na mitambo yake ya kurekodi, akamkuta kijana huyo wa miaka 22. Miongoni mwa nyimbo walizorekodi ni Masanga, ambao ulitunukiwa tuzo na chama cha African Music Society na kuuzwa katika santuri za Gallotone, kampuni ya Afrika Kusini. Gallotone hiyo hiyo iliuza pia magitaa makavu ya bei nafuu, kiasi kwamba hapa kwetu gitaa la aina hiyo liliitwa galatoni. Hata John Lennon wa kundi la Beatles la Uingereza alianzia kwenye gitaa la Gallotone mwaka 1957.

Siri ya Mwenda ilikuwa katika vidole. Dole gumba lilishika nyuzi nene na kutunza mwendo, huku kidole cha shahada kikiimba kwenye nyuzi nyembamba. Msikilizaji alidhani wapo watu wawili.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 alialikwa Nairobi, ambako sauti yake ilisikika hata katika matangazo ya dawa ya Aspro. Vijana wengi wa Kenya walijifunza gitaa kwa kuiga Masanga. Mwaka 1969 alipanda jukwaa la tamasha la Newport, Marekani.

Hata hivyo, sifa hizo hazikumtajirisha. Mtu ambaye santuri zake zilivuka mipaka alilazimika kufanya kazi ya benki, na baadaye kuendesha hoteli karibu na mpaka wa Zambia, sambamba na bendi yake ya Super Shaba. Mwaka 1988 alirekodi upya nyimbo zake huko Cape Town. Miaka miwili baadaye, 1990, alifariki dunia kwa ajali ya barabarani nchini Zambia, akiwa na umri wa miaka 60.

Maisha yake yana somo kwa kijana wa Mbulu au Katesh mkoani Manyara ambaye anatamani kupiga jazz lakini anatishwa na bei ya gitaa. Gitaa la jazz lina kifua kilichobinuka na matundu mawili yenye umbo la herufi f. Nchini Marekani, mwaka 1936, kampuni ya Gibson ilitoa gitaa la aina hiyo lililotumia umeme, ES-150, lililouzwa dola 150 pamoja na kipaza sauti chake, na Charlie Christian akalipatia umaarufu. Leo viwanda vya Asia hutengeneza mengi kwa mbao za matabaka zilizokandamizwa, na bei yake ni ndogo kuliko ya yale yaliyochongwa.

Gitaa la bei nafuu huhitaji kutengenezwa kabla ya kulaumiwa. Katika mengi ya aina hii daraja halikugundishwa, bali hushikiliwa na mkazo wa nyuzi. Kwa hiyo nyuzi zibadilishwe mmoja mmoja, daraja lisije likahama. Kisha uguswe uzi kidogo juu ya kituo cha 12 bila kuukandamiza, ulinganishwe na sauti yake ukikandamizwa hapo hapo. Sauti ya kukandamizwa ikiwa juu zaidi, daraja lisogezwe mbali na shingo. Ikiwa chini, lisogezwe kuelekea shingoni. Nyuzi zikikaa juu mno na kuumiza vidole, skrubu za daraja zishushwe taratibu, na kazi ikome kabla nyuzi hazijaanza kukwaruza.

Hali ya hewa nayo isipuuzwe. Kiangazi cha Hanang na Mbulu hukausha mbao, na mbao zikikauka husinyaa. Gitaa lihifadhiwe ndani ya mfuko wake, mbali na jua na jiko, na likaguliwe upya msimu unapobadilika.

Mwenda hakuwa hata na gitaa la namna hiyo alipoirekodi Masanga. Alilijua vyema lile alilokuwa nalo, na likatosha kulifikisha jina lake Newport.