Okot p'Bitek: Mshairi wa Uwanjani

Mwanafunzi, kabla hujaanza kuchambua Wimbo wa Lawino sura kwa sura, mjue kwanza mtu aliyeutunga. Mtahini hatakuuliza alizaliwa mwaka gani. Lakini bila kuyajua maisha yake utaisoma sura ya tatu, ile ya ngoma, kama wengi wanavyoisoma: ugomvi wa mke na mume kuhusu dansi. Utaandika kwamba Lawino ni mshamba mwenye wivu, utaweka nukta, na utakuwa umeipita nguzo ya nyumba ukidhani ni kijiti. Mtu aliyeiandika sura hiyo alicheza ngoma mwenyewe, aliandaa matamasha katika nchi mbili, na alipoteza kazi kubwa. Yafuate maisha yake ukiwa na kalamu mkononi.

Okot alizaliwa Gulu, kaskazini mwa Uganda, mwaka 1931, katika jamii ya Waacholi. Jina Okot hupewa mtoto aliyezaliwa wakati wa mvua, na ile p' ni kama "wa" yetu: Okot wa Bitek. Kwa hiyo usiandike "P. Bitek" kana kwamba ni herufi ya kwanza ya jina. Kosa hilo hulionyesha mara moja jicho lisilosoma jalada.

Baba yake alikuwa mwalimu na mkristo wa misheni. Mama yake alijulikana kama mtunzi wa nyimbo, mwimbaji na mchezaji ngoma. Yaweke mambo hayo mawili pamoja, maana mtoto huyu alilelewa kati ya ubao wa darasa na uwanja wa ngoma, na hakutaka kuuacha mmoja kwa ajili ya mwingine. Nyimbo nyingi alizokuja kuzikusanya akiwa mtu mzima alikuwa amezisikia kwanza nyumbani.

Alisoma Gulu, kisha King's College Budo karibu na Kampala, ambako alitunga na kuonyesha mchezo wa kuimbwa akiwa bado mwanafunzi. Alifuzu ualimu Mbarara na kurudi kufundisha karibu na Gulu. Mwaka 1953, akiwa na miaka 22, alichapisha riwaya kwa Kiacholi, Lak Tar. Angalia lugha aliyoanza nayo. Hakusubiri Kiingereza kimpe ruhusa ya kuwa mwandishi.

Kilichompeleka Uingereza ni mpira wa miguu. Mwaka 1956 timu ya Uganda ilizuru huko, Okot akiwa mchezaji, na timu ilipoondoka yeye akabaki kusoma: ualimu Bristol, sheria Aberystwyth, na mwishowe anthropolojia Oxford. Huko Oxford aliwasikia wahadhiri wakiwaita watu kama wake washenzi na watu wa kale. Alipinga waziwazi tangu siku za mwanzo. Haikusaidia, maneno yaliendelea kutumika. Hasira hiyo utaikuta baadaye katika vitabu vyake vya kitaaluma kuhusu dini za Kiafrika. Tasnifu yake ilihusu fasihi simulizi ya Waacholi na Walang'o, na wazo lake kuu ni wazo utakalolihitaji katika mtihani wako: wimbo hauelewi mtu asiyejua unaimbwa wapi, na nani, wakati gani, na mwili unafanya nini unapoimbwa.

Hapa tutue kidogo tuitazame ngoma ya Kiacholi yenyewe, kwa sababu ndiyo shule aliyohitimu Okot kabla ya Oxford.

Waacholi wana ngoma nyingi, na kila moja ina mahali pake. Bwola ni ngoma ya heshima, huchezwa kwa ajili ya mtawala. Wanaume hushika ngoma ndogo mikononi na kuzunguka duara. Otole ni ya vita, yenye mikuki na ngao. Larakaraka ni ya vijana wanaotafutana, na mdundo wake hutoka kwenye vibuyu vilivyokatwa nusu na kugongwa kwa vijiti. Sasa jiulize: katika larakaraka, shairi liko wapi? Liko katika maneno yanayoimbwa, ndiyo. Lakini liko pia katika miguu inayoyajibu maneno hayo, na katika mapambo: manyoya kichwani, shanga shingoni na kiunoni, chale zilizochorwa kwenye ngozi kwa uangalifu kama mchoraji anavyochora. Ukiandika maneno peke yake kwenye karatasi, umechukua thuluthi moja ukaziacha mbili uwanjani. Katika fasihi simulizi tunaziita hizo mbili utendaji na maleba, na watahiniwa wengi huzitaja kama orodha ya sifa tu, bila kuonyesha kwamba zinabeba maana.

Kwa sisi tunaoishi Kutulo jambo hili si geni. Umekwenda harusini. Umewaona mama zetu na shangazi zetu katika buraambur: mmoja anaghani beti zake, wengine wanapiga makofi na ngoma, na mmoja au wawili wanaingia katikati kucheza huku beti zikimsifu bibi harusi na watu wake. Mikono ina hina, mavazi yamechaguliwa, na pengine nyuma yao ipo mikeka ya kujengea aqal waliyoisuka kwa mikono yao wenyewe, yenye rangi na ruwaza zake. Anayeghani si mshairi ambaye kwa bahati yuko karibu na wachezaji. Ni kitu kimoja. Vivyo hivyo vijana wanapocheza dhaanto: anayetoa mistari na wanaoijibu kwa hatua hawawezi kutenganishwa. Najua ziko nyumba ambazo wazazi hawapendi watoto wao wacheze, na hilo ni la kila nyumba kuamua. Ninachokuomba ni kwamba utakapoulizwa utoe mfano wa ushairi simulizi katika jamii yako, usiandike kwamba jamii yako haina. Nimeisahihisha sentensi hiyo mara nyingi mno.

Turudi kwa Okot. Alirejea Uganda mwaka 1964 na kufanya kazi Gulu, katika idara ya Makerere ya kuwafundisha watu wazima walio nje ya chuo. Mtu mwingine angepanga mihadhara ya jioni na kutosheka. Okot alishiriki kuanzisha tamasha la Gulu, na yeye mwenyewe alipiga ngoma na kucheza pamoja na wanavijiji. Tambua ujasiri uliomo humo. Wakati huo msomi aliyetoka Ulaya alitarajiwa kukaa kitini akitazama, suti ikiwa haina mkunjo. Yeye aliingia duarani. Ocol, mume wa Lawino, ndiye yule msomi wa kitini, na hakuna anayeweza kumchora Ocol vizuri namna ile bila kuwa amesoma naye.

Mwaka 1966 mambo mawili yalitokea. Wimbo wa Lawino ulitoka kwa Kiingereza katika shirika la East African Publishing House, Nairobi, ukiwa na michoro ya Frank Horley, na Okot akawa mkurugenzi wa Kituo cha Utamaduni cha Uganda, Kampala. Michoro hiyo usiipite. Ukiwahi kupata nakala yenye picha, soma sura ya tatu ukizitazama.

Kituo alichopewa kilisimamia jumba la maonyesho la taifa, lililofunguliwa mwaka 1959, miaka mitatu kabla ya uhuru, na pia jumba la sanaa za uchoraji na uchongaji liitwalo Nommo. Jukwaa lilikuwa limezoea michezo ya Kiingereza na watazamaji wachache waliokaa kimya gizani. Okot aligeuza mwelekeo. Aliwaleta wachezaji ngoma kutoka mikoani, na mwezi wa Oktoba, taifa lilipokuwa likisherehekea uhuru, kukafanyika tamasha la siku nane. Mtu wa Kampala aliyezoea kuamini kwamba sanaa ni kitu kinachoingia nchini kwa meli akaona jukwaa lile lile likitikiswa na miguu ya watu wa kijijini kwao. Si kila mtu alifurahi.

Hakudumu. Okot alikuwa na ulimi usiojua kujizuia mbele ya wanasiasa. Asome Ocol katika sura ya uchaguzi na vyama anayetaka ushahidi. Alipokuwa ziarani Zambia uhusiano wake na serikali ya Milton Obote ulikuwa umeharibika, na kazi ikaondoka. Mwaka 1971 Idi Amin alipotwaa madaraka, kurudi nyumbani kukawa hatari zaidi. Ugenini kwake kulikuwa hapa Kenya.

Na alifanya nini alipofika? Alipewa kazi ya chuo kikuu katika eneo la magharibi, akaishi Kisumu, na Desemba 1968 akaanzisha huko tamasha la sanaa. Mtu ametoka kunyang'anywa tamasha, anajenga lingine ng'ambo ya mpaka, miongoni mwa Wajaluo ambao lugha yao ni jamaa ya Kiacholi. Kwangu mimi tendo hilo linamweleza Okot kuliko shahada zake zote. Mwaka huo huo wa 1968, Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walikuwa wakidai idara ya Kiingereza ya chuo kikuu ivunjwe na fasihi ya Afrika, pamoja na ile ya mdomo, iwekwe katikati. Wao walipigania jambo hilo kwa waraka. Okot alilipigania kwa tamasha. Swali la fasihi simulizi unaloliona kila mwaka katika karatasi ya tatu lina mizizi katika harakati za miaka ile. Halikushushwa kutoka mbinguni likaingia kwenye silabasi.

Okot alifundisha Chuo Kikuu cha Nairobi kwa sehemu kubwa ya miaka ya 1970. Katika miaka hiyo ya ugenini aliandika mengi: Wimbo wa Ocol mwaka 1970, nyimbo mbili za mfungwa na malaya mwaka 1971, na mwaka 1974 Horn of My Love, mkusanyiko wa nyimbo za Kiacholi katika lugha mbili. Katika mkusanyiko huo hakuzimwaga nyimbo tu. Alieleza ngoma zake na matukio yake, kwa sababu alijua msomaji aliyeko mbali hausikii mdundo. Tafsiri ya Kiswahili ya Wimbo wa Lawino, iliyofanywa na Paul Sozigwa wa Tanzania, ilitoka mwaka 1975.

Hapo kuna tatizo la kweli la mwanafunzi wa Kiswahili, nami sitalificha. Umefundishwa vina na mizani, na ukifungua Lawino huvioni. Wengine huandika haraka kwamba ni shairi huru lisilo na mapigo. Sehemu ya kwanza ni sahihi. Ya pili si sahihi. Soma ukurasa mmoja kwa sauti, ukisimama. Utasikia majina yanayorudiwa, maswali yanayorushwa kwa hadhira, wito unaosubiri jibu. Mapigo hayo ndiyo ya mwimbaji aliyezungukwa na watu. Lawino hamwambii mumewe peke yake; anawaita watu wa ukoo wasikilize, kama fanani uwanjani. Na anapoisifu ngoma ya kwao, hoja yake ni kwamba uwanjani, mchana au mbalamwezini, hakuna kinachofichwa: afya, ustadi na urembo wa mtu huonekana na wote. Dansi ya Ocol ni ya chumba chenye giza na moshi. Kwa hiyo anapogombania ngoma anagombania ni nani mwenye haki ya kuitazama na kuihukumu sanaa: jamii nzima, au wachache waliofungiwa ndani.

Amin aliangushwa mwaka 1979. Okot, aliyekuwa amepitia pia chuo cha Ife nchini Nigeria, alirudi Makerere. Alifundisha uandishi wa kubuni kwa muda mfupi tu. Alifariki Kampala Julai 1982, akiwa na miaka 51. Miaka minne baadaye zilichapishwa insha zake katika Artist, the Ruler, ambamo anashikilia kwamba msanii ndiye mtawala halisi, kwa kuwa ndiye anayeunda thamani ambazo watu huishi kwazo, na wanasiasa huzikuta tayari zimeshakaa.

Kabla hujafungua sehemu inayofuata, fanya zoezi hili kwa juma moja. Mwombe mama, shangazi au bibi akughanie buraambur moja anayoikumbuka. Andika maneno katika safu ya kwanza ya daftari. Katika safu ya pili andika mwili hufanya nini kila mstari unapofika. Katika ya tatu andika kilichovaliwa, kilichopakwa au kilichoshikwa mkononi. Kisha chukua sura ya tatu ya Wimbo wa Lawino na uigawe kwa safu hizo hizo. Safu itakayobaki tupu ijazie alama ya kuuliza, uje nayo darasani.