Pierre-Jules Boulanger na Motokari ya Watu Wadogo



Mara hii hatuandiki maisha ya mfalme wala ya jemadari. Tunataka kuwaeleza maisha ya mtu wa viwanda, Pierre-Jules Boulanger, aliyekufa mwaka 1950. Ni yeye alisimamia kazi ya kutengeneza motokari ya Citroën 2CV, ile Wafaransa wanaita deux chevaux, ni kusema farasi wawili. Katika barabara yetu ya Bukavu kwenda Kamanyola mtu anaweza kukaa siku nyingi bila kuiona hata moja. Lakini shida ambayo motokari hii ilitengenezwa kwa kuimaliza ni shida tunayoijua sana: mlimaji ana mavuno yake, soko liko mbali, barabara ni mbaya, na pesa ni kidogo.

Tumemchagua pia kwa sababu nyingine. Kati yetu wanafunzi wako wengine wanaowaza ya kuwa fundi wa motokari ni mtu aliyeshindwa na masomo. Wasome habari hii mpaka mwisho.

UTOTO NA SAFARI ZAKE

Boulanger alizaliwa tarehe 10 mwezi wa tatu mwaka 1885, Sin-le-Noble, upande wa kaskazini wa Ufaransa. Alianza kujifunza ufundi wa kuchora, lakini sababu ya mambo ya pesa alilazimishwa kuacha masomo na kutafuta kazi. Wengi kati yetu wanajua namna gani mambo hayo yanaumiza.

Alipofanya kazi ya uaskari, aliwekwa pamoja na wale wa baluni za kuruka angani. Huko alijuana na Marcel Michelin, wa jamaa ile inayotengeneza mipira ya motokari. Urafiki ule ulikuja kubadilisha maisha yake, lakini si mara moja. Mwaka 1908 alivuka bahari akaenda Marekani. Kule hakuchagua kazi: alichunga wanyama, aliendesha tramu katika mji wa Seattle, kisha akapata kazi ya kuchora mapango ya nyumba. Halafu akaenda Canada, na katika mji wa Victoria akafungua kampuni yake ya kujenga nyumba.

Vita vya 1914 vilipoanza, alirudi kwao kupigana. Alifanya kazi ya kupiga picha kutoka angani, akapanda cheo mpaka kapiteni, akapewa nishani. Kiisha vita, watu wa Michelin wakamwita Clermont-Ferrand. Alianzia huko katika ujenzi wa nyumba za wafanyakazi.

MWAVULI WENYE MAGURUDUMU MANNE

Mwisho wa mwaka 1934 kampuni ya Citroën ilianguka katika madeni, na Michelin wakaichukua. Pierre Michelin aliwekwa juu, na Boulanger akawa pamoja naye. Pierre Michelin alipokufa kwa ajali ya motokari mwisho wa mwaka 1937, Boulanger akabaki mkubwa wa kampuni yote.

Tangu 1936 hivi alikuwa na wazo moja ambalo halikumwacha. Katika vijiji vya Ufaransa alikuwa akiona walimaji wanakwenda sokoni na punda na mikokoteni. Motokari zilikuwa za watu wa mali tu. Basi aliwapa mafundi wake maagizo ya ajabu. Alitaka motokari ya kubeba walimaji wawili wenye viatu vya miti pamoja na kilo 50 za viazi. Iende kilometa 60 kwa saa. Ile litri 3 tu za esanse kwa kilometa 100. Mtu asiyezoea kuendesha aweze kuiendesha. Tena ikipita katika shamba lililolimwa na kitunga cha mayai ndani, yai hata moja lisipasuke. Uzuri wa sura haukumhangaisha. Kwake ile ilikuwa ni mwavuli juu ya magurudumu manne.

Tusimpe yeye peke yake sifa yote. Boulanger hakuwa fundi wa motere. Wenye kutengeneza walikuwa wengine: André Lefebvre aliongoza kazi ya ufundi, Flaminio Bertoni alichora sura, Alphonse Forceau alitafuta resore, na nyuma Walter Becchia alitengeneza motere. Kazi ya Boulanger ilikuwa kukataa. Alikataa kila kitu kizito, kila kitu cha bei kali, kila kitu ambacho mlimaji hana lazima nacho. Yeye mwenyewe alikuwa mtu mrefu tena mwenye kuvaa kofia, na motokari ya kujaribu aliiingia na kofia yake kichwani. Kofia ikigusa juu, mafundi walirudia kazi.

Motokari za kwanza zilikuwa na taa moja tu mbele, na viti vilivyotundikwa kwa nyuzi za chuma kama machela.

VITA NA SIRI

Katika mwaka 1939 motokari 250 za kwanza zilikuwa zimetayarishwa, kusudi zionyeshwe Paris mwezi wa kumi. Lakini tarehe 3 mwezi wa tisa vita vikatangazwa. Onyesho likafa. Mwaka 1940 Wajerumani wakaingia Ufaransa na kukalia viwanda.

Hapa ndipo Boulanger alipimwa. Alikuwa na wafanyakazi maelfu wa kulisha, na wakubwa wapya walitaka kamyo za kuwasaidia katika vita, tena walitaka kujua siri ya motokari yake ndogo. Kufunga kiwanda kulikuwa kuwapoteza watu wake. Kutumika kwa bidii kulikuwa kumsaidia adui. Yeye akachukua njia nyembamba katikati. Motokari zile 250, karibu zote zilivunjwa, na zile chache zilizobaki zikafichwa. Michoro hakuitoa. Kwa Wajerumani hakupenda hata kusema nao uso kwa uso. Kazi ya kamyo ilikwenda polepole sana. Inasimuliwa hata kwamba alama kwenye fimbo ya kupimia mafuta ya motere ilisogezwa chini, ili dereva aone mafuta yanatosha, kumbe hayatoshi, na motere ife njiani. Jina lake liliandikwa na polisi wa siri wa Wajerumani kati ya watu wa kukamatwa.

Katika miaka ile ya giza kazi ya siri haikusimama. Motere ya kwanza ilikuwa inapozwa na maji, na wakati wa baridi kali maji yalileta shida. Becchia akatengeneza motere nyingine ya silinda mbili inayopozwa na hewa. Boulanger alitaka vitesi tatu tu. Becchia akaweka ya nne, akamweleza ya kuwa ile si vitesi kamili, ni ya kupumzisha motere tu barabarani. Boulanger akakubali. Vilevile alitaka motere iwashwe kwa kuvuta kamba, lakini wanawake walipojaribu walishindwa, na mwisho demarere ya umeme ikawekwa. Mkubwa yule mgumu alijua pia kusikia.

KICHEKO CHA PARIS

Tarehe 7 mwezi wa kumi mwaka 1948, mbele ya Vincent Auriol, Rais wa Ufaransa, kitambaa kiliondolewa. Watu walishangaa, halafu walicheka. Motokari ilikuwa ya rangi ya kijivu, paa lake la turubai, bati lake la mikunjomikunjo. Tena kapo ilifungwa, hakuna mtu aliruhusiwa kuona motere. Waandishi wa magazeti waliizomea sana.

Lakini watu wadogo hawakucheka. Waliandikisha majina yao. Kazi ya kutengeneza ilianza mwaka 1949, na mwanzoni zilitoka motokari 4 tu kwa siku. Mtu alingoja miaka. Kampuni ikachagua kuwapa kwanza wale wanaotembea vijijini kwa kazi ya lazima: waganga, wazalishaji, mapadri, walimaji. Motere ilikuwa ya santimetakubi 375, nguvu ya farasi 9 tu, pungufu ya pikipiki nyingi zinazopanda Nyangezi leo.

Boulanger hakuona mavuno yenyewe. Mwezi wa 11 mwaka 1950, alipokuwa akiendesha motokari kubwa ya Citroën katika njia ya Clermont-Ferrand na Paris, alipata ajali karibu na Broût-Vernet, akafa. Alikuwa na miaka 65. Motokari yake ndogo ilizidi kutengenezwa mpaka mwezi wa saba mwaka 1990, ambapo ya mwisho ilitoka katika kiwanda cha Mangualde, Ureno. Zilitoka zaidi ya 3 800 000, na ukiongeza zile za mizigo na ndugu zake, zinapita milioni 5. Na katika miaka ya 1990, tatu kati ya zile zilizofichwa zilivumbuliwa ndani ya ghala la zamani kule La Ferté-Vidame.

KWA NINI MAFUNDI WANAIPENDA

Sasa tuseme kidogo mambo ya garaji. Motokari hii haina radiatere, haina pompo ya maji, wala joenti ya kichwa cha motere. Kitu kisichokuwamo hakiwezi kuharibika. Mabawa yanafungwa na bulo chache; milango inatoka kwenye bawaba; viti mtu anaviondoa kwa mikono. Manivele ya kuwashia motere ndiyo ile inafungua bulo za magurudumu. Resore za mbele na za nyuma zimeunganishwa upande kwa upande, kwa hiyo gurudumu la mbele likiingia shimoni, la nyuma linasaidia kushika mwili sawa.

Tusiseme haina magonjwa. Vidude vya kuwashia moto vimefichwa nyuma ya panka, na fundi analazimika kuondoa panka kwanza. Viungo vya magurudumu ya mbele vinataka grisi mara kwa mara. Na shasi yake inaliwa na kutu, jambo kubwa katika inchi ya mvua kama yetu.

Kwa sababu ni nyepesi na inafunguka vyepesi, watu wengi waliigeuza. Citroën wenyewe walitengeneza ya Sahara, yenye motere mbili, moja mbele na moja nyuma. Katika Côte d'Ivoire ilizaliwa Baby-Brousse, yenye mwili wa bati lililokunjwa na kufungwa kwa bulo, bila mashine kubwa za kiwanda. Baadaye ikaja FAF, kwa wazo lile lile, iliyofungwa pia katika Guinea-Bissau, Senegal na Jamhuri ya Afrika ya Kati. Mwaka 1973, motokari 60 za 2CV zilitoka Abidjan mpaka Tunis, karibu kilometa 8 000, zikipita jangwa la Ténéré. Na mwaka 1993 Mfaransa mmoja, aliyevunjikiwa na motokari yake katika jangwa la Morocco, aliikata akaunda pikipiki kwa vipande vyake, akatoka.

Mafundi wa Bukavu na wa huku milimani wanafanya kazi ya ukoo mmoja na hiyo. Motokari ndogo inafika hapa, imetengenezwa kwa barabara laini za Japani, na volani iko kuume. Fundi anainua resore, anaweka bamba la chuma chini ya motere, ili mawe ya Ngomo yasiipasue. Anafanya kwa mkono, baada ya motokari kuzaliwa, kile Boulanger alitaka kifanywe mbele ya kuzaliwa kwake.

MAFUNDISHO TUNAYOPATA

Kwanza, Boulanger hakudharau kazi yoyote, na kukatika kwa masomo hakukukata akili yake. Hatusemi muache masomo. Tunasema ya kwamba aliyefukuzwa leo sababu ya minervali asijihesabu kama mtu aliyekwisha.

Pili, alianza na mtu, si na chombo. Aliuliza kwanza mlimaji anabeba nini na anapita wapi. Ninyi mtakaokuwa wahandisi, waganga na wakubwa wa inchi, muulize vile kabla ya kujenga.

Tatu, alikubali kazi ya miaka mitatu ivunjwe, kuliko imsaidie adui wa watu wake. Kuna wakati uaminifu unaonekana kama hasara.

Nne, alivumilia kuchekwa. Mwenye talanta moja katika mfano wa Bwana aliificha kwa sababu ya woga. Boulanger pia alificha yake, lakini ili siku ya amani aitoe na watu wadogo wafaidike.

Basi, ndugu na dada, siku mtakapomwona fundi amelala chini ya motokari kando ya barabara, nguo zake zimejaa mafuta, msipite mkimcheka. Msalimuni, na mkiwa na nafasi, muinamishe kichwa muone anachokifanya.