Maisha ya Siti binti Saad

Katika kijiji cha Fumba, kisiwani Unguja, alizaliwa mtoto wa kike yapata mwaka 1880. Baba yake, Saad, alikuwa Mnyamwezi kwa asili, na mama yake alikuwa Mzigua, yaani wa kabila lile lile linalokaa Handeni na pande za Korogwe. Siku zile utumwa ulikuwa haujakomeshwa Unguja, na mtoto huyu maskini akaitwa Mtumwa.

Mtumwa hakupata kufundishwa kusoma. Kazi aliyojifunza kwa mama yake ni ufinyanzi: kukanda udongo, kufinyanga vyungu na kuvichoma. Vyungu vikiisha, hujitwika akaenda kuviuza, na njiani huimba ili watu wajue ya kuwa muuzaji anapita. Sauti yake ilisikika mbali, na watu wakaipenda.

Mwaka 1911 alihama Fumba akaenda kukaa mjini. Huko alionana na Ali Muhsin, mjuzi wa taarabu, ambaye alimfundisha kuimba pamoja na vyombo na kuyatamka vema maneno ya Kiarabu. Umri wake ulikuwa umepata miaka thelathini, wala hakuona haya kuwa mwanafunzi. Baadaye alishirikiana na Subeit bin Ambari, Maalim Shaaban, Buda bin Swedi na Mbaruk, aliyekuwa kipofu. Ndipo akapewa jina la Siti, maana yake bibi mwenye heshima.

Zamani hizo taarabu ilikuwa ya jumba la Sultani na watu wakubwa, nayo iliimbwa kwa Kiarabu. Wengi waliufurahia utamu wake, lakini maana hawakuipata. Siti akaimba kwa Kiswahili. Aliimba habari za mapenzi, za matajiri wadanganyifu, na za hukumu zisizo za haki. Wimbo mmoja ulisimulia mwanamke mgeni aliyeuawa. Muuaji akakimbilia bara, na wanawake waliomkaribisha yule mgeni ndio waliofungwa. Watu wa chini waliposikia nyimbo hizo, walijua ya kuwa mashaka yao yana msemaji.

Lakini wivu hauna dawa. Washindani wake walitunga nyimbo za kumcheka, wakimkumbusha kwamba alikuja mjini kutoka shamba, amevaa kaniki na kujitwika vyungu. Siti hakugombana nao. Aliwajibu kwa wimbo, akaendelea na kazi yake.

Mwaka 1928 yeye na wenzake walivuka bahari mpaka Bombay, Bara Hindi, na sauti zao zikatiwa katika sahani za santuri. Hao walikuwa miongoni mwa waimbaji wa kwanza wa Afrika Mashariki kufanya hivyo. Sahani zile zilienea pwani na bara, hata watu wasiopata kufika Unguja wakamsikia akiimba kwa lugha yao wenyewe.

Siti alifariki tarehe 8 Julai 1950. Kabla ya kufa kwake, Shaaban Robert, mwandishi mashuhuri wa Tanga, alimwendea akamwuliza habari zake, akaandika kitabu cha maisha yake.

Basi, wanafunzi, fikirini jambo hili. Jina la Mtumwa alipewa angali mchanga, asiweze kulikataa. Jina la Siti alilipata kwa kujifunza na kufanya kazi kwa bidii, na ndilo watu wanalolikumbuka.