Sheikh Ramiya: Aliletwa Mtumwa, Akasomesha Waungwana

Wengi wetu wa visiwani tukipita Mikumi kwenda Iringa hushughulika na kutazama tembo na twiga. Lakini katika uwanda ule wa Mkata, na katika milima ya Usagara upande wa Kilosa, ndiko ilikopita njia kuu ya misafara ya karne ya 19 iliyoshuka hadi Bagamoyo. Walipita wachukuzi wa pembe, na walipita watumwa, watoto wakiwemo.

Katika zama hizo mtoto mmoja aliletwa pwani kutoka Manyema, Kongo ya mashariki, akawa mtumwa wa Amir bin Suleiman al-Lamki pale Bagamoyo. Alijulikana kwa jina la Yahya bin Abdallah, na watu wakamwita Sheikh Ramiya. Hilo “bin Abdallah” wazee wetu wanalifahamu: aghalabu alipewa asiyejulikana baba yake.

Alisoma kwa Sheikh Abubakar bin Taha al-Jabri, akafanya biashara ndogondogo mpaka akamiliki mashamba ya minazi. Kisha akafungua madrasa, na akawa khalifa wa twariqa ya Qadiriyya. Mwaka 1916 Waingereza walipoiteka Bagamoyo walimfanya liwali. Tuzingatie tarehe hiyo, kwani utumwa Tanganyika ulifutwa kisheria mwaka 1922. Kwa miaka kadhaa, basi, mji ambao sheria yake bado iliwatambua watumwa ulikuwa na sheikh mkubwa aliyetoka utumwani.

Tunapotaja tawadhui husifiwa yeye peke yake. Sisi tunaona mtihani mzito zaidi ulikuwa wa wale waungwana. Asili yake waliijua. Ili wapate elimu iliwabidi wakae kwenye mkeka mbele ya mtu ambaye jana angewabebea mizigo, na wengine wakampelekea watoto wao. Yeye naye hakuwafungia mlango kwa yaliyompata.

Nasi visiwani tusijifanye jambo hili halituhusu. Mpaka leo kuna posa zinazovunjika, kijana ana dini na tabia njema, kwa sababu tu babu yake hakuwa wa ukoo fulani.

Sheikh Ramiya alifariki mwaka 1931, Mwenyezi Mungu amrehemu. Nafasi yake ilishikwa na mwanawe, Sheikh Muhammad Ramiya, na maulidi ya Bagamoyo yakaendelea kuwakusanya watu wa kila kabila.